Chekeni, Lakini Tazameni Miguu

Hotuba kabla ya onyesho la filamu za zamani za kungfu

Mwenyekiti, asante kwa kunikaribisha jukwaani. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wapenzi wa filamu, na nyie vijana mliojazana safu za nyuma, habari za jioni.

Nimeambiwa niseme machache kabla onyesho halijaanza. Najua kitakachotokea likishaanza. Hatutafika mbali, atatokea mzee mwenye ndevu nyeupe zinazomfika kifuani. Atazipapasa, atacheka "ha-ha-ha-haaa", kicheko kirefu kitakachoendelea hata baada ya mdomo wake kufunga, na ukumbi mzima utavunjika mbavu. Chekeni. Hata mimi nitacheka. Gundi ya ndevu zile inaonekana mpaka mlangoni. Ombi langu ni moja tu: mkishamaliza kucheka ndevu, teremsheni macho muitazame miguu ya huyo mzee.

Filamu hizi za bei nafuu zina mashabiki wa aina mbili, na mara nyingi wote wawili wamo ndani ya mtu mmoja. Yupo anayezipenda kwa ubovu wake. Anasubiri mawigi, anasubiri damu yenye rangi ya chungwa, anasubiri sauti inayotangulia midomo, na ikifika anampiga mwenzake kiwiko. Na yupo anayezipenda kwa kuwa anapata humo kitu ambacho filamu za mamilioni ya dola haziwezi kumpa, ingawa ukimuuliza ni kitu gani, anababaika. Leo nataka kumsaidia huyu wa pili asibabaike.

Mimi naliona jambo hivi. Waliotengeneza filamu hizi hawakuwa na fedha za kulipia majengo, magari ya kulipua, wala nyota wa kuuza sura. Walichokuwa nacho ni watu waliofanya mazoezi tangu utotoni. Basi kila kitu kikapangwa kuuzunguka mwili wa mtu anayejua kazi: kamera, hadithi, muziki, hata mahali pa kusimama. Kinachotuchekesha na kinachotuacha mdomo wazi vimetoka kwenye uhaba huo huo.

Nazungumzia hasa Hong Kong na Taiwan, tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1980. Jina kubwa kuliko yote hapo ni Shaw Brothers, kampuni ya Run Run Shaw na ndugu zake. Mwaka 1961 walifungua studio yao ya Movietown huko Clear Water Bay, Hong Kong, na ilikuwa kiwanda hasa. Waigizaji walifungwa kwa mikataba, wakalipwa mishahara, na wengi wakalala kwenye mabweni ndani ya uzio wa studio. Mtaa wa mji wa kale ulijengwa ukatumika filamu baada ya filamu. Ukibadilisha kibao cha dukani na taa za karatasi, tayari uko mji mwingine. Mtu akishatazama filamu kumi za Shaw, anaanza kusalimiana na ngazi. Kwa mwendo huo, miaka yao ya neema walitoa filamu kama 40 kwa mwaka.

Na hao ndio walikuwa matajiri! Huko Taiwan walikuwepo watayarishaji huru wasio na studio wala mtaa wa kubandika vibao. Walipanda vilimani, wakatafuta hekalu lililo wazi, wakapigana nje. Filamu ikikuonyesha nusu ya mapigano yake kwenye nyasi zinazofika magotini, upepo unapeperusha wigi la stelingi, jua hakuna aliyekuwa na hela ya kujenga ukuta. Lakini itazame The Mystery of Chess Boxing ya Joseph Kuo, ya mwaka 1979. Kiwanja, mawingu, watu wachache, na jambazi mwenye nywele nyeupe ambaye kila akiua anaacha kibao chenye alama yake. Hakuna kingine. Bado mtu hawezi kuinuka kwenda kunywa maji.

Niseme kuhusu sauti, maana bila kuisema hamtanisikiliza.

Kwa miaka mingi filamu za Hong Kong zilipigwa bila kurekodi sauti. Kamera ilizunguka bubu, maneno yakabandikwa baadaye studioni. Sababu ya kwanza ni gharama: huhitaji ukimya kwenye seti, huhitaji kurudia kwa sababu ndege imepita. Sababu ya pili ni lugha. Soko moja lilitaka Kichina cha Kimandarini, jingine cha Kikantoni, na waigizaji wenyewe walitoka kila upande. Tuichukue King Boxer ya mwaka 1972: mwongozaji Jeong Chang-hwa alitoka Korea, na stelingi Lo Lieh alizaliwa Indonesia. Mtu angeweza kusema mistari yake kwa lugha aliyoizoea, kwani hakuna aliyekuwa akirekodi.

Ilipokuja zamu ya Kiingereza, kazi ilifanywa hapo hapo Hong Kong na kikundi kidogo cha wageni waliokuwa wakiishi mjini. Ndiyo maana sauti ya mwema wa filamu hii mtaisikia kwa mwovu wa filamu ile. Walilazimika kuyabana maneno yaingie kwenye mwendo wa midomo, na hapo ndipo ulipozaliwa ule usemaji wa kukatakata, mtu anatisha, ananyamaza, halafu anamalizia kutisha. Tunaucheka kwa haki kabisa.

Lakini kamera bubu ni kamera nyepesi. Inaingia popote, na mpangaji wa mapigano anaweza kupiga kelele katikati ya pigano, "Kushoto! Chini! Sasa!", bila kuharibu chochote. Na kwa kuwa kila sauti ilibandikwa, kila sauti ikawa na kazi. Mkono ukipita hewani nguo inalia. Ngumi ikifika inapasuka. Hakuna ngumi duniani inayolia hivyo, lakini sikio linaanza kuhesabu mapigo, na mtazamaji anajikuta anafuata pigano zima kama anayefuata ngoma. Muziki ndio kabisa, waliuokota popote. Kwenye King Boxer hiyo hiyo, viganja vya stelingi vikianza kung'aa vyekundu, unasikia king'ora: ni kipande cha muziki wa Quincy Jones alioutunga kwa ajili ya tamthilia ya polisi ya televisheni ya Marekani, Ironside. Hata hivyo, ukishaisikia mara mbili, king'ora kikilia mara ya tatu nywele zinakusimama kabla hujaona kiganja.

Sasa nije kwenye kamera, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipotaka kufika.

Chukueni pigano la kawaida, la katikati ya filamu, lisilo maarufu. Wawili wamesimama uani. Kamera imekaa mbali kiasi cha kuwaonyesha kuanzia utosini mpaka kisiginoni, wote wawili kwa pamoja. Anaanza mmoja: ngumi, inakingwa, ngumi, inakingwa, kiwiko, kinateleza, teke la chini, mwenzake anaruka, akitua amekwisha geuka, mguu uko juu ya bega la adui, na adui ameinama kwa upana wa kidole. Halafu wanasimama. Pumzi moja tu. Huyu ameunyoosha mkono, yule amechuchumaa, wametulia kama waliochorwa. Halafu wanaanza tena.

Kile kituo kimetoka kwenye opera ya Beijing, maigizo ya jadi ya Kichina yenye nyimbo na sarakasi, ambako mwigizaji hufikia umbo lake, ngoma ikapigwa, akaganda, ili watu wapate nafasi ya kulitazama. Kwenye filamu kinafanya kazi hiyo hiyo na zaidi. Jicho linapata muda wa kujua nani yuko wapi, nani kaumia, nani anafikiria nini. Pigano bila vituo ni fujo. Lenye vituo unaweza kulisimulia kesho yake, na watu husimulia kweli, huku wamesimama na mikono inarushwa.

Halafu angalieni vumbi. Mtu akipigwa kifuani, vumbi linatoka kwenye nguo yake. Siyo kwamba watu wa kale walikuwa hawafui. Nguo inapakwa unga kabla ya kamera kuzunguka, kwa sababu ngumi inayogusa kitambaa haionekani, na unga unaoruka unaonekana. Ni hila ya senti chache, na hakuna kompyuta iliyowahi kunishawishi kuhusu uzito wa pigo kuliko ule unga.

Ipo hila nyingine, na tusifichane. Kamera ilipunguzwa mwendo kidogo, ikapiga picha 22 au 20 kwa sekunde mahali pa 24, ili filamu ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida watu waonekane wepesi zaidi. Ni udanganyifu, nakubali. Lakini jaribuni kufanya hivyo kwa mtu asiyejua kitu: mtapata mtu asiyejua kitu, ila kwa haraka. Hila ile inaongeza chumvi tu, chakula lazima kiwepo.

Filamu nyingi za leo za mapigano zinakata picha kila mkono unaponyanyuka. Bega, ukuta, uso umekunjwa, mtu yuko chini. Nani kampiga? Kwa nini? Huwezi kujua, na hutakiwi kujua, kwa sababu nyota amefundishwa miezi michache na aliyeruka dirishani ni mtu mwingine. Mkasi unaficha. Kamera ya kule Hong Kong haikuwa na haja ya kuficha, na mara nyingi mwongozaji alikaa pembeni akamwachia mpangaji wa mapigano aiweke yeye mwenyewe. Yule anajua teke linatazamwa kutoka wapi.

Je, watu hao walitoka wapi? Swali hili ndilo linaloniondolea raha kidogo, na sitaki kulikwepa kwa kuwa tumekuja kufurahi.

Wengi walitoka kwenye shule za opera. Mashuhuri kuliko zote ni China Drama Academy ya Mwalimu Yu Jim-yuen, iliyowalea Sammo Hung, Jackie Chan na Yuen Biao. Jackie Chan aliingizwa akiwa na umri wa miaka 7, kwa mkataba wa miaka 10. Watoto walisimama kwa mikono, wakaruka sarakasi, wakaimba, na walipokosea walichapwa. Mwaka 1988 ilitoka filamu kuhusu shule hiyo, Painted Faces, na Sammo Hung mwenyewe ndiye aliyeigiza mwalimu wake wa zamani. Ukiitazama utaona mapenzi na makovu yamekaa kiti kimoja.

Watoto hao walipokuwa wakubwa, watazamaji wa opera walikuwa wamekwisha pungua. Wamejifunza kazi ambayo soko lake limekufa. Studio za filamu ndizo zikawaokota, kwanza kama watu wa kuanguka kutoka ghorofani na kupigwa na stelingi, kwa malipo madogo. Kwa hiyo tunaposema filamu hizi zilikuwa rahisi, tujue gharama ilikuwa imelipwa zamani, na waliolipa ni watoto. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hivi viliundwa kwa fimbo. Huwa nakerwa na wanaosema kwa huzuni kwamba "siku hizi hawapatikani tena watu kama wale". Hawapatikani kwa sababu shule zile zimefungwa, na sijamsikia mzazi anayeomba zifunguliwe.

Haikuwa njia pekee. Cheng Pei-pei, aliyeibeba Come Drink with Me ya mwongozaji King Hu mwaka 1966, alisomea dansi ya baleti, na ndivyo anavyopigana: anageuka, anatua, na kila kitu kimekwisha. Wakati huo mwanamke kushika upanga na kuwa stelingi hakukuwa kioja. Angela Mao, aliyetoka kwenye opera, aliangusha wanaume kwa teke filamu nzima, na Mei 1973 filamu yake moja ilikuwa miongoni mwa tatu za Hong Kong zilizoshika nafasi tatu za juu za mapato huko Marekani kwa pamoja. Kara Hui alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tuzo za kwanza za filamu za Hong Kong, mwaka 1982, kwa filamu ya mapigano na vichekesho. Tangu hapo Hollywood imegundua mara nyingi kwamba mwanamke anaweza kupigana, na kila mara ilishangaa.

Njia ya tatu ni ukoo. Kuanzia mwaka 1949 zilianza kutengenezwa filamu za Kikantoni kuhusu Wong Fei-hung, mganga na mwalimu wa mapigano aliyewahi kuishi kweli, akiigizwa na Kwan Tak-hing. Zilizidi 70, nyingi za rangi nyeusi na nyeupe, zilizopigwa haraka na kwa hela kidogo. Sasa fuateni mnyororo huu. Wong Fei-hung alimfundisha Lam Sai-wing. Lam Sai-wing alimfundisha Lau Cham. Lau Cham alimfundisha mwanawe, Lau Kar-leung, ambaye alianza kazi kwenye filamu hizo hizo za Wong Fei-hung, kisha akaenda Shaw kupanga mapigano, kisha akawa mwongozaji. Mtu huyu alipoonyesha mtindo wa simbamarara na korongo, alikuwa anaonyesha urithi wa nyumbani kwao. Ndiyo maana filamu zake zina heshima fulani ambayo hata dari la karatasi haliwezi kuivunja.

Mwaka 1978 alitoa The 36th Chamber of Shaolin, akiwa na Gordon Liu, kijana aliyefunzwa na familia hiyo hiyo. Hadithi inaweza kuandikwa nyuma ya tiketi: kijana ameonewa na watawala, anakimbilia hekalu la Shaolin ajifunze kupigana, anajifunza, anarudi. Filamu nyingine ingeyapitia mazoezi kwa wimbo mmoja. Hii imeyafanya kuwa tumbo la filamu.

Anaingia chumba cha kwanza akidhani atafundishwa ngumi, na anachokutana nacho ni njaa. Ili afike kwenye chakula lazima avuke maji kwa kukanyaga mafungu ya miti yanayoelea, na kila akikanyaga anazama. Watawa wengine wanapita juu kana kwamba hapana maji. Baadaye atabeba ndoo za maji mikono imenyooka pembeni, na amefungwa visu kwenye mikono, ncha zimeelekea mbavuni. Mikono ikishuka, anajichoma. Hakuna mwalimu anayepiga kelele. Kuna visu, kuna maji, kuna mteremko. Baadaye tena anagonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu mno, apate nguvu za kifundo cha mkono, na Lau hachoki kutuonyesha mkono unaotetemeka.

Sijui filamu nyingine inayoonyesha kujifunza kwa uaminifu kiasi hicho. Mtu anashindwa, kesho yake anashindwa tofauti kidogo, keshokutwa anaweza, na kesho yake kazi aliyoiweza haina tena thamani kwa sababu yuko chumba kinachofuata. Hakuna kipaji cha kuzaliwa nacho, hakuna utabiri kwamba huyu ndiye aliyechaguliwa. Na akishamaliza vyumba vyote 35 anaulizwa anataka kusimamia kipi. Anajibu kwamba anataka cha 36, kisichokuwepo: cha kuwafundisha watu wa nje. Kwa jibu hilo anatolewa hekaluni. Vikundi vya vijana duniani kote walilisikia jibu hilo, na mwaka 1993 Wu-Tang Clan, kundi la rap la New York, waliichukua namba hiyo wakaitia kwenye jina la albamu yao ya kwanza.

Jackie Chan alikuja na mazoezi ya aina nyingine mwaka huo huo wa 1978, kwenye Drunken Master ya Yuen Woo-ping. Ananing'inizwa kichwa chini, ndoo ya maji iko chini yake, nyingine juu, na anatakiwa kuyahamisha maji kwa vikombe vidogo, akijikunja tumbo kila safari. Mnacheka kwa jinsi anavyokunja uso. Lakini tumbo lile linafanya kazi kweli mbele yenu, kila safari. Mzee mlevi anayemtesa ni baba mzazi wa Yuen Woo-ping, na Yuen huyo ndiye aliyekuja kuitwa kupanga mapigano ya The Matrix ya 1999.

Waovu wa filamu hizi sitawazungumzia sana, mtakutana nao wenyewe. Nimtaje mmoja tu, Pai Mei wa kwenye Executioners from Shaolin ya 1977, ambaye hapigiki popote na anaweza kuubana mguu wa adui kwa kinena chake akatembea nao. Ni upuuzi mtupu. Lakini kwenye filamu hiyo stelingi anafanya mazoezi miaka mingi, anakwenda kulipiza kisasi, na anakufa. Stelingi anakufa! Anayekuja kumaliza kazi ni mwanawe, aliyechanganya mtindo wa simbamarara wa baba na wa korongo wa mama. Wanaosema filamu hizi zote ni moja hawajazitazama.

Nao Bruce Lee. Mnajua mengi juu yake, nitakuwa mfupi. Filamu yake The Big Boss ya mwaka 1971 ilipigwa Thailand kwa fedha kidogo, na kampuni changa ya Golden Harvest, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, kabla filamu yake Enter the Dragon haijaonyeshwa. Yaliyofuata ni aibu ambayo hata sisi watetezi lazima tuikiri. Wakatokea Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee, kila mwenye miwani mieusi na nywele za kukata vile akawa mrithi. Game of Death, aliyoiacha bila kuimaliza, ilikamilishwa mwaka 1978 kwa watu wa kufanana naye, na kuna picha moja ambayo uso wake umekatwa kwenye karatasi ukabandikwa juu ya kioo. Hiyo sichekeshwi nayo.

Ninachochekeshwa nacho ni filamu za ninja za Godfrey Ho za miaka ya 1980. Alichukua filamu isiyojulikana ya nchi nyingine, akaikatakata, akaichomeka watu wenye vitambaa vya kichwa vilivyoandikwa "ninja", akatia maneno mapya, akauza. Mwigizaji wa Kimarekani Richard Harrison alipiga picha za filamu chache akajikuta yumo kwenye lundo. Kwenye Ninja Terminator anaongea mambo mazito ya kufa na kupona kwa simu yenye umbo la paka wa katuni, Garfield. Hapa nakubaliana na wenye kucheka, na sina la kutetea. Uhaba wa fedha peke yake haumfanyi mtu kuwa msanii. Hapa hakukuwa na fedha, na mwili unaojua kazi nao hakuna anayeushughulikia. Kilichobaki ni mkasi na uchuuzi. Kama mnataka kujua tofauti kati ya filamu maskini na filamu ya ovyo, tazameni hiyo baada ya yoyote ya Lau Kar-leung.

Najua swali litakaloulizwa, kwa hiyo nilijibu kabisa: je, zimekwisha? Shaw walisimamisha utengenezaji wa kawaida wa filamu katikati ya miaka ya 1980 wakahamia televisheni, na Hong Kong ikapata fedha zaidi, waya zaidi za kuwarusha waigizaji hewani, baadaye kompyuta. Lakini mwaka 2003 Thailand ilitoa Ong-Bak, na Tony Jaa akaruka bila waya wala mtu wa kumwakilisha. Mwalimu wake, Panna Rittikrai, alikuwa ametengeneza filamu za mapigano za hela ndogo kwa miaka mingi huko Isan, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, kabla dunia haijamsikia.

Na mwaka 2011 ikaja The Raid. Mwongozaji Gareth Evans, mtu wa Wales, alikwenda Indonesia kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu silat, mapigano ya jadi ya huko, akamkuta kijana mmoja, Iko Uwais, dereva wa kampuni ya simu. Akamwona anavyosogea, ndipo akaanza kufikiria filamu ya kumwigizisha. Kwa bajeti ya dola milioni 1.1 hivi walichukua jengo moja, wakaweka jambazi ghorofa ya juu na polisi ghorofa ya chini, basi. Tutaionyesha wiki ijayo ukumbi huu huu. Wenye watoto wadogo wawaache nyumbani, maana ina damu kuliko zote nilizozitaja leo, na safari hii haina rangi ya chungwa.